Mablanketi Yangu Jangwani

Hapa Edmonton, London, kila anayepeleka mzigo nyumbani ananijua, na asiyenijua basi hajawahi kupeleka mzigo. Shule niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe tulikuwa tunaonana mara chache. Lakini nipe dakika ndani ya sebule yako, nitakwambia itakaa kona gani ya kontena, na upenyo utakaobaki nitakwambia uutie nini. Friji haliondoki London tupu mikononi mwangu. Ndani ya friji kuna viatu, ndani ya viatu kuna soksi, ndani ya soksi kuna vijiko. Nilianza na pipa moja na gari la kuazima. Leo nina bohari, nina lori, na ubavuni mwa lori nimeandikisha jina la kampuni kwa rangi ya dhahabu, na chini yake maneno mawili: na Binti.

Hayo maneno mawili ndiyo yaliyonifikisha jangwani.

Binti yangu alizaliwa hapahapa, hospitali ya huku kwetu, akasoma mpaka chuo kikuu. Alisoma sanaa. Watu walinipa pole kama nimefiwa, nikawaambia nyamazeni, mtaona. Alipomaliza akaja bohari, akawa anaandika lebo za mapipa, na nilikuwa nimeshaanza kumwonyesha vitabu vya kampuni alipopata nafasi ya kwenda kukaa katika mji mmoja mdogo wa jangwani, Texas. Huko, alinieleza, wasanii wanapewa nyumba na ghala la zamani, wanafanya kazi yao, watu wanatoka dunia nzima kuja kutazama. Msimu mmoja tu, akasema. Nikaona si neno, atarudi rangi ya lori haijachubuka.

Msimu ulipokaribia kwisha akapiga simu. Hakunipigia mimi, alimpigia mama yake. Kuna nafasi moja ya kubaki mwaka mzima, na yeye anaitaka.

"Ameshaomba?" nikauliza.

"Ameshaomba," mke wangu akasema, huku anakuna nazi bila kunitazama. "Wanaamua baada ya siku ya maonyesho. Na wewe usijitie kati."

Nikakata tiketi siku ileile.

Pale kwa kinyozi nilitangaza kwamba naenda Amerika kutazama makumbusho. Wakacheka wee. Mmoja akasema, "Bosi, wewe na makumbusho, si watakuzuia wakidhani wewe ni kifaa cha maonyesho?" Nikamwacha aseme. Sikuwaambia nia yangu, nanyi nawaambia kwa sababu yamekwisha: nilikwenda kumrudisha mwanangu. Nilibeba masanduku mawili, dogo la nguo zangu, na kubwa tupu la kupakia vitu vyake. Mimi, kusafiri na sanduku tupu! Hapo ujue jambo lilikuwa zito.

Halikukaa tupu. Siku moja kabla ya safari alikuja mama mmoja wa Kikongo kutoka Lewisham, mteja wangu wa siku nyingi, mtu wa kanisa, mkubwa wa mwili na wa sauti. Nyuma yake dereva wa teksi alikuwa anahangaika na boksi.

"Papa, nasikia unaenda Texas."

"Naenda, mama."

"Mungu ni mukubwa! Mudogo yangu anaikala kule Texas na bibi yake na batoto. Nimemutumia sambaza kidogo."

Bibi kwao ni mke, na sambaza ni samaki wadogo wa Ziwa Kivu, ndugu zake dagaa, na harufu ni ya ukoo mmoja. Hiyo kidogo yake ilikuwa boksi zima, na juu yake sombe iliyokaushwa, yaani kisamvu, na juu ya sombe vitenge.

"Mama," nikamwambia, "Texas si mtaa. Ni sawa uende Mtwara nikupe mzigo wa mtu wa Kigoma."

"Texas si njo moja?"

"Ni moja, lakini..."

"Na weye si njo mutu ya mizigo?" Akashika kiuno. "Mutu ya mizigo anakataa muzigo?"

Wapangaji wa jirani walikuwa wamefungua madirisha. Ningefanyaje? Nilichukua. Kwetu anayesafiri ni gari la wote, na mimi nimejenga nyumba juu ya desturi hiyo, siwezi kuikana mlangoni pangu. Nikampigia huyo mdogo wake, nikamtajia mji ninaokwenda. Akacheka, akasema ni mbali naye kwa mwendo wa asubuhi mpaka mchana. Nikamwambia siku ya maonyesho nitakuwepo ghalani kwa binti yangu kutwa nzima, akiweza aje, asipoweza nitatafuta njia. "Tutakuja, papa," akasema. Nikajua ni adabu tu.

Huko Amerika, uwanja wa ndege, mbwa wao alinisindikiza kwa heshima kubwa. Afisa akafungua sanduku, nikamweleza ni samaki wa zawadi, akainama kunusa, akalifunga mwenyewe kwa mikono miwili.

Binti alinipokea na gari la kuazima, lile la kubeba mizigo nyuma. "Shikamoo baba," akasema, na Kiswahili chake kikaishia hapo kama kawaida. Yaliyobaki alisema Kiingereza. Tangu mdogo ndivyo tulivyo, mimi nasema changu, yeye ananijibu chake. Hapa namwandikia kwa Kiswahili maana Kiingereza chake kina mbio kuliko mkono wangu.

"Baba, ndani ya lile sanduku kubwa kuna nini?"

"Tupu."

Akashusha kioo cha gari. Tukaenda kilomita nyingi kioo kikiwa chini. "Tupu linanuka," akasema.

Jangwa lenyewe nililitarajia la mchanga, na ngamia wawili watatu. Si hivyo. Ni majani makavu, miiba, na nyaya za umeme zinazokwenda mpaka macho yanachoka. Mji ulipotokea nilidhani ni kituo cha mafuta. Mtaa mmoja mkubwa, nyumba za udongo zilizopakwa vizuri, tangi la maji juu ya miguu ya chuma, na reli inapita katikati. Lakini kahawa yao inauzwa kwa bei ya Mayfair, kwa matajiri wa London. Nikatambua hapo kwamba kuna watu wajanja.

Kesho yake alinizungusha makumbusho, na kabla hatujatoka akanipa masharti matatu. Usiguse kitu. Usimwambie mtu kazi yako mpaka akuulize. Usiulize bei.

Mwongozaji alikuwa mama mwenye kofia pana na sauti ya mtu anayelaza mtoto. Alitupeleka kwanza kwenye bweni la zamani la askari, ukumbi mrefu kama kiwanda, na ndani yake kuna benchi moja la chuma lenye kutu. Benchi moja! Tukalizunguka. Nikanyoosha mkono juu, nikauliza kama inaruhusiwa kukaa. Hairuhusiwi. Halafu tukaenda kwenye nyumba ya msanii aliyekwishakufa, imeachwa kama alivyoiacha, mpaka kijiko chake kwenye sahani. Nikamnong'oneza binti kwamba mke wangu angemfufua yule bwana aje kuosha vyombo. Alinikanyaga mguu.

Mwongozaji alipoanza kueleza jambo la maana, treni ya mizigo ikapita. Huko treni hazina mwisho, na zimebeba makontena mawili mawili, moja juu ya jingine. Yeye akanyamaza kuisubiri, wageni wote wakatazama viatu vyao, mimi nikavua kofia. Ilipokwisha nikamwambia, "Mama, hayo ndiyo makumbusho ninayoyajua mimi." Akacheka kweli, meno yote nje, na binti akacheka kwa kujificha.

Chumba cha mwisho kilikuwa cheupe, hakina kitu, ila ufa mmoja mwembamba kwenye dari, na jua linaingia hapo na kuchora mstari sakafuni. Nilitaka kusema neno. Mstari ukawa unasogea, polepole sana, mpaka ukafika kwenye kiatu changu. Nikauvuta mguu kuupisha, kama unavyompisha mtu mlangoni. Sijui nilielewa nini, lakini nilielewa, na mtu asiniulize zaidi.

Mchana tukala na mkuu wa wasanii pale, mama mwembamba mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi. Nilimwuliza moja kwa moja, nafasi ya mwaka anapewa nani? Binti akafumba macho.

"Mtu kuingia si kitu," yule mama akajibu. "Hata upepo unaingia. Kesho nitapita kote nitazame nani kazi yake inawakalisha watu."

Nikafurahi kimyakimya. Nani atakaa ghalani kwenye joto lile? Nikaona tiketi ya kurudi ya binti kama imeshachapwa.

Ghala lake lilikuwa la mwisho kabisa, ng'ambo ya reli, zamani likiwekwa sufu ya mbuzi. Alifungua mlango jioni ile akaniacha nitangulie, na nilipoinua macho nikaona mablanketi yangu.

Lazima nieleze. Sisi wapakiaji tuna mablanketi mazito ya kijivu, ya kukinga fanicha isikwaruzane. Yangu mke wangu huyashona uzi mwekundu pembeni, yajulikane. Mwaka jana yalikuwa yanapotea bohari. Nilifunga kamera, kamera ikaona paka, ikaona posta, haikuona mwizi. Kumbe mwizi alikuwa anapita mbele ya kamera kila siku na kikombe changu cha chai mkononi, nani angemshuku? Sasa yalikuwa yananing'inia kwenye nyaya huko Texas, uzi mwekundu wa mke wangu unaniangalia kila pembe.

"Mama yako alijua?"

"Mama ndiye aliyefunga maboksi."

Nyumba nzima ya majambazi, na mimi ndiye mlinzi.

"Vua viatu, baba," akasema. Nikavua, nikaingia. Alikuwa ametengeneza chumba kwa mablanketi matupu, kuta, dari, na sakafu. Sihitaji futi, jicho langu linatosha: urefu, upana na kimo vilikuwa vya kontena. Ndani kulinukia bohari, vumbi na mbao na dizeli. Ukinyamaza, ulikuwa husikii jangwa kabisa.

"Mbona hakuna kitu?"

"Ndiyo yenyewe. Kontena kabla hujaanza kupakia. Nilipokuwa mdogo ulikuwa unaniacha nikimbie humo ndani, unakumbuka? Halafu unasema haya toka, kazi ianze."

Nilikumbuka. Nilikumbuka pia kwamba muda wenyewe ulikuwa mfupi, maana kontena tupu linanipa homa.

"Na watu wafanye nini humu?"

"Wakae."

"Basi?"

"Basi."

Nikatamani kumwambia kwamba ni kazi nzuri. Nikajizuia, nikaona nitajiharibia.

Siku ya maonyesho nilikaa nje ya mlango kwenye kiti, kama mlinzi wa benki. Kwa wasanii wengine, upande wa mjini, kulikuwa na muziki na juisi za barafu. Huku kwetu ng'ambo ya reli alikuja mjusi. Watalii wawili waliofika waliniuliza kuna nini humo, nikawajibu kwa adabu, "Mablanketi yangu." Si kweli? Wakachungulia, wakashukuru, wakaenda zao. Binti alikuwa amesimama kwenye kona ya ghala akikunja na kukunjua pindo la shati. Kila gari likipita alikuwa anainua kichwa. Nilikuwa nashinda, na sikuwa nasikia raha niliyoitarajia.

Ndipo likaja basi dogo jeupe, limechafuka vumbi mpaka vioo. Likasimama mbele yangu, mlango ukafunguka, akashuka bwana wa suti ya kahawia.

"Papa wa London?"

"Ndiye mimi."

"Tumekuja kwa muzigo."

Alikuwa mdogo wake mama wa Lewisham. Na kwa kuwa mzigo wa dada haupokelewi na mtu mmoja, alikuja na mke, na watoto, na mama mkwe, na mchungaji wao, na wanakwaya waliokuwa hawana kazi siku hiyo, na sufuria ya wali iliyofungwa kwa kitenge. Wote wamevaa kama Pasaka. Waliendelea kushuka mpaka nikadhani basi halina upande wa pili.

Nikataka kuwapa sanduku palepale juani waende zao. Lakini binti alikuwa ameshafika, na akafungua mdomo, na nikasikia hivi, kwa Kiswahili:

"Karibuni. Karibuni sana, poleni na safari. Shikamoo bibi. Msikae juani, ingieni ndani. Viatu vueni hapa tafadhali, msinichafulie mablanketi. Bibi nipe mkono. Baba, shika sufuria!"

Nilishika sufuria. Miaka yote ananijibu Kiingereza, na kumbe Kiswahili anacho chote, amekifungia kama vyombo vya wageni.

Wakaingia. Akawapanga. Mama mkwe na mchungaji nyuma kabisa, wapate kuegemea ukuta wa ghala. Wanaume pembeni, magoti juu. Watoto katikati ya miguu ya mama zao, sufuria mahali pa sufuria, sanduku mbele. Alisogeza huyu shibiri, akamgeuza yule, na palipobaki upenyo akatia mtoto. Mimi nilisimama mlangoni nikimtazama. Alikuwa anapakia kontena. Hakuna aliyemfundisha zaidi yangu, na mimi sikujua kama namfundisha.

Mzigo ukafunguliwa mbele ya mashahidi, ndiyo desturi. Dada wa Lewisham akawekwa kwenye simu ya video asimamie. "Sombe imefika? Onyesha! Kitenge ya buluu ni ya mama mukwe, hapana ya bibi yako!" Sambaza zikagawanywa kwenye vifuniko, wali ukafunuliwa, mchungaji akaomba, wanakwaya wakaanza wimbo taratibu, na yale mablanketi yakaishika sauti ikawa nzito na nzuri. Watu wa mjini, waliokuwa wakinywa juisi, wakavuka reli kuona kuna nini. Wakavua viatu. Wakapewa nafasi, wakapewa sambaza. Hakuna aliyetoka.

Mkuu mwenye nywele nyeupe alifika viatu vikiwa vimejaa mlangoni kama msikitini. Alitazama ndani muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi, si binti.

"Unawajua hawa watu?"

"Nawajua."

"Wamekuja kwa ajili ya kazi hii?"

Binti alikuwa amesimama nyuma yake. Alinitazama tu, na macho yake yalikuwa ya yule mtoto anayesubiri nimwambie haya toka, kazi ianze. Neno moja lilitosha. Ningesema wamefuata samaki, na huo ungekuwa ukweli mtupu, na jioni ileile ningeanza kupakia.

"Mama," nikasema, "hawa wameshika barabara tangu alfajiri. Watu wazima hawaendeshi gari kwa mwendo huo kwa ajili ya mchezo. Na waangalie mwenyewe, kuna anayetaka kuondoka?"

Akawaangalia. Akavua viatu, akaingia, akapata upenyo kati ya mama mkwe na mwanakwaya wa sauti ya nne, na akakaa. Alikula sambaza kwa vidole kama mtu wa Bukavu. Jua lilipotua bado alikuwepo.

Nafasi akapewa binti yangu, kesho yake asubuhi.

"Baba, ulidanganya," akaniambia tukielekea uwanja wa ndege. Kwa Kiswahili, sasa hakuwa na pa kujificha.

"Taja neno moja la uongo."

Akafikiri kilomita kadhaa. Hakulipata.

Sanduku kubwa lilirudi limejaa, lakini si vitu vyake. Wale wa basi dogo waliniletea majibu ya mzigo: maharage, njugu za huko, na kofia pana za wachunga ng'ombe kwa ukoo mzima wa Lewisham. Sasa ukipita sokoni Lewisham siku ya Jumamosi utamwona yule mama, kitenge chini na kofia ya Texas juu, akipigania bei ya ndizi. Aliniuliza binti yangu yuko wapi. Nikamjibu kwamba kampuni imefungua tawi Amerika. Pale kwa kinyozi nimesema hivyohivyo, na maneno mawili ya lorini sijayafuta. Nimeongeza rangi.

Wiki iliyopita binti kapiga simu, safari hii kwangu. Anajenga kontena la pili, la futi arobaini, anataka mablanketi mengine, na anaomba, haibi. Nimeyafunga mwenyewe. Nikasikia mteja wangu mmoja wa Harrow, mwenye duka la dawa, Mhindi wa Mombasa, anakwenda Houston kwenye harusi ya mpwa wake. Nikamfikia mlangoni na boksi begani.

"Ndugu yangu," akalalamika, "Houston na huko kwa binti yako ni siku nzima ya gari! Mimi naenda harusini, nimeshika suti na zawadi, nitaanzia wapi?"

Nikaliweka boksi ndani ya mlango wake, taratibu, uzi mwekundu ukitazama juu.

"Kwani," nikamwuliza, "Texas ziko ngapi?"